Vibao Sabini vya Bi Kalunguyeye

Hapo zamani za kale, wanangu, kale ambayo wazee wake walikuwa bado hawajaota mvi, wanyama wa Bonde la Mikambala walikuwa na nyumba, na majiko, na majirani wa kusengenyana kama sisi. Walilima mtama, walipika, waligombana, na kila siku ya tano walikwenda gulioni.

Gulioni kulikuwa na desturi moja, na mkiisikia msicheke, maana sisi nasi tunazo zetu. Mdogo hakuruhusiwa kumtangulia mkubwa. Tembo alikuwa mbele, nyuma yake Nyati, nyuma ya Nyati Punda Milia, kisha Ngiri, kisha wadogo wadogo mpaka Kanga, na mwisho kabisa Kalunguyeye, mama wa miiba, ambaye ukimkanyaga utalia wewe. Kila mmoja alichokiona ni mkia wa aliyemtangulia. Tembo akisimama kwenye mkeka wa chumvi, foleni nzima ilinunua chumvi. Tembo akipinda kushoto, mikia yote ikapinda kushoto, swaa!

Waliona ni adabu. Pengine kweli ilikuwa adabu.

Sasa kulikuwa na mali ambayo mtu mmoja haimudu. Nyegere alikuwa na mizinga mia ya nyuki katika Msitu wa Migude, mwendo wa siku tatu kwa miguu. Zamani alipotaka kuichonga aliwaomba wenzake mtama, na kila aliyetoa alipewa kibao cha mti kilichochomwa alama ya nyuki. Kibao kimoja ni hisa moja, yaani fungu lako katika mizinga ile. Vibao vilikuwa mia. Kila mavuno, kila kibao kilimletea mwenyewe kibuyu kimoja cha asali, na kibuyu kimoja kilikuwa na thamani ya vibaba vitatu vya mtama. Nyegere alijiwekea vibao thelathini, na ujira wake ulikuwa nta.

Ukikichoka kibao chako, ulikipeleka gulioni ukakiuza. Bei yake ya kawaida ilikuwa vibaba kumi na viwili, na hakuna aliyelalamika.

Bi Kalunguyeye aliishi peke yake katika shimo chini ya kichuguu. Watoto wake walikua wakaenda zao, kama wanavyofanya watoto wa kalunguyeye, hawaagi. Hakuna anayemkumbatia mtu mwenye miiba, na yeye hakumlaumu mtu. Lakini alikuwa na shoga yake, Kanga. Kila alasiri Kanga alikuja, akakaa mlangoni, wakamenya mbegu za maboga na kuwasema watu. Walimwengu walijiuliza, huyu ana madoa, huyu ana miiba, wanaongea nini? Umbea, wanangu. Ndicho walichokuwa wakiongea, na kilimtosha Kalunguyeye kwa siku nzima.

Yeye alikuwa hana hata kibao kimoja. Kanga alikuwa na sita.

Siku moja, masika yanakaribia, foleni ilifika mbele ya mkeka wa vibao vya asali. Tembo akainamisha mkonga anuse mti. Kumbe juu ya vibao alikuwapo nyuki mmoja, amefuata harufu. Nyuki akaingia mkongani.

Apchyaaa! Mkeka ukaruka, vumbi likatimka, na Tembo, machozi yakimtoka, akageuka upesi akaenda kusimama mkeka wa pili. Mkeka huo ulikuwa wa Fisi.

Nyati akauona mkia wa Tembo umegeuka ghafla. Hakujua sababu, ila aliona aibu kutojua. Punda Milia alipomuuliza, akajibu kwamba mizinga ina matatizo. Punda Milia akamwambia Ngiri kwamba nyuki wamehama. Ngiri akasema nyuki wamehama, na Nyegere amevunjika mguu. Habari ilipofika kwa Kanga, msitu wote ulikuwa umeungua na Nyegere ameshazikwa.

Na Fisi, aliyetulia mkekani pake, alikuwa akiuza nini? Naye alikuwa akiuza hisa. Hisa za Bwawa la Kiboko. Alisema Kiboko anachimba bwawa kubwa, na kiangazi kikija kila mwenye hisa atakunywa na kuvua samaki mpaka achoke. Tembo alinunua kumi kwa sababu alikuwa ameshasimama pale na macho yalikuwa bado yanamwasha. Basi. Foleni nzima ikanunua. Asubuhi hisa ya bwawa ilikuwa vibaba vitano, jua lilipofika utosini ilikuwa kumi, na gulio lilipovunjika ilikuwa ishirini. Kibao cha asali kilikuwa kimeshuka mpaka vibaba viwili, na wa kukinunua hakuna.

Kalunguyeye hakununua kitu. Alikuwa mwisho wa foleni, karibu na ardhi, na alimwona yule nyuki akitoka mkongani. Alimpita juu ya pua, mzima, mwenye afya yake, akaelekea upande wa Migude. Kalunguyeye akasimama akafikiri. Kama mizinga imekufa, huyu anarudi kwa nani?

Alasiri ile akamwambia Kanga, "Shoga, twende Migude tukaitazame mizinga kwa macho yetu."

Kanga akamwangalia kama mtu aliyeambiwa ale mawe. Alisema siku tatu kwenda na tatu kurudi, watakosa gulio, na anayekosa gulio hupoteza nafasi yake kwenye foleni. Isitoshe kwenda kutazama ni kama kusema Tembo ni mwongo. Kalunguyeye akajibu kwamba Tembo hajasema neno lolote, amepiga chafya tu. Kanga akamenya mbegu mbili tatu, kisha akasema ana kuku wa kuwatembelea, akaaga mapema.

Basi Kalunguyeye akaenda peke yake.

Alianza na bwawa, maana lilikuwa njiani. Alikuta shimo la kina cha goti, na ndani ya shimo Kiboko amelala. Akamwamsha kwa adabu, akamuuliza bwawa liko wapi. Kiboko akafungua jicho moja akajibu kwamba ndilo hilo alilolalia. Na litachimbwa lini? Kiboko alisema Fisi alimwambia alale pale tu, watu wakimwona kwa mbali waamini. Lakini hajafika mtu, kwa hiyo kazi yenyewe imekuwa nyepesi. Akafunga jicho.

Kalunguyeye akaendelea na safari. Tapu, tapu, tapu. Miguu ya kalunguyeye ni mifupi, na njia ya siku tatu kwa wengine kwake ni siku tatu na vilio. Siku ya pili alijikuta anaongea kwa sauti, anamweleza Kanga hiki na kile, na Kanga hayupo. Akanyamaza. Ilimuuma kuliko miguu.

Migude alimkuta Nyegere amekaa kwenye gogo, mguu juu, uso umekunjamana. Mwiba. Mwiba mmoja tu, umeingia unyayoni, na kwa hasira zake alikuwa amemfukuza kila aliyetaka kuutoa. Kalunguyeye, ambaye miiba anaijua, akautoa kwa meno. Kisha akaomba ruhusa ya kuhesabu.

Alipita mti hadi mti, akiweka sikio kwenye shina. Vuuum. Vuuum. Vuuum. Mwingine kimya. Ilimchukua siku nzima. Mizinga tisini na mmoja ilikuwa hai, tisa imekufa. Akamuuliza Nyegere kama ameuza hata kimoja katika vibao vyake thelathini. Nyegere akamwuliza naye kama ana wazimu.

Kalunguyeye akakaa chini ya mti akapiga hesabu yake, na nyinyi nisikilizeni, maana hapa ndipo penye mafunzo. Hakusema mizinga tisini na mmoja. Alisema: tuseme sijui kuhesabu, tuseme ukame uje, tuseme chungu wavamie, ibaki hamsini tu. Hapo kila kibao kitaleta nusu kibuyu, yaani kibaba kimoja na nusu kwa mavuno. Gulioni wanauza kibao kwa vibaba viwili. Kwa hiyo hata nikiwa nimekosea nusu nzima, mavuno mawili yatanirudishia changu, na mizinga itaendelea kuzaa. Na nisipokosea, mavuno ya kwanza tu yanatosha.

Nyumbani alikuwa na vibaba themanini. Thelathini vya kula kiangazi kizima, hivyo hakuvigusa hata kwa mawazo. Vilibaki hamsini. Akamuaga Nyegere akageuka.

Aliporudi, wa kwanza kumwambia alikuwa Kanga. Alimweleza yote, mwiba, mizinga, Kiboko na jicho lake moja. Alitaka sana Kanga afurahi. Alitaka wakae mlangoni pamoja wakijua kitu ambacho wengine hawakijui, wacheke mpaka mbavu ziume.

Kanga alimsikiliza, madoa yamemsimama. Mwishowe akasema hatamwambia mtu maneno hayo, wasije wakasema shoga yake amepungukiwa. Kisha akauliza hivi akienda gulioni kesho, amnunulie chumvi?

Kesho yake Kalunguyeye akaenda kwenye mkeka wa vibao akanunua kumi, vibaba ishirini. Wauzaji walimkabidhi upesi kabla hajabadili mawazo. Lakini Fisi, ambaye jicho lake halilali penye cha bure, aliona. Akamfuata pembeni, akasimama juu yake, kivuli chake kikamfunika.

"Bi Kalunguyeye, naona unanunua vibao vya Nyegere."

"Nanunua, bwana."

"Unajua nini tusichokijua sisi?"

Hapo, wanangu, Kalunguyeye alifikiri upesi. Akisema kweli, Fisi atamnong'oneza Tembo, Tembo atapinda, mikia itapinda, na kabla jua halijageuka kibao kitarudi vibaba kumi na viwili. Mtama wake uliobaki utanunua viwili tu. Halafu tena, ukweli ule alishampa mtu aliyempenda, akaukataa. Kwa nini ampe Fisi bure?

Akajikunyata kidogo, akafanya sauti ya mjane wa kuonewa huruma. "Bwana Fisi, mimi mnyama wa shimoni nijue nini? Masika hayo yanakuja. Mvua ikinyesha, maji yananifuata mpaka kitandani. Mbao za fundi siziwezi. Hivi vibao vimekauka vizuri na vyote kipimo kimoja. Nitaezekea."

Fisi akavitazama vile vibao. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika.

"Kuezekea?"

"Ndiyo, bwana. Kama nyumbani unavyo, nitashukuru. Ila visiwe na nyufa."

Kwa-kwa-kwa-kwaaa! Mnakijua kicheko cha Fisi. Kilisikika ng'ambo ya bonde. Alikwenda mbio kwake akarudi na vibao vyake ishirini, na Kalunguyeye akavipokea kimoja kimoja, akavigeuza juani, akavigonga kwa ukucha. Viwili akavikataa, vina ufa pembeni. Fisi, bingwa wa kuuza shimo, akaapa kwa mama yake mzazi kwamba vile vibao ni vizima, havivuji, na mwishowe akampa vyote ishirini kwa vibaba kumi, na misumari juu.

Habari ikaenea. Bi Kalunguyeye anaezeka kwa hisa za Nyegere! Foleni nzima ikacheka, kuanzia Tembo mpaka wadogo. Kila mtu alikumbuka ana vibao vya bure nyumbani, na kila mtu alitaka kuviuza viwili viwili kwa kibaba kimoja, apate cha kuongezea kununua bwawa. Nyati alileta vyake mwenyewe mgongoni na kumshauri namna ya kupanga paa. Watoto wa Ngiri walimtungia jina. Walimwita Bi Paa, na kila alipopita waligonga vichwa vyao kwa vidole, ko-ko-ko, kuangalia kama havivuji.

Kalunguyeye alilipa, akashukuru, akabeba. Usiku wa kucheka ulikuwa wao. Yeye alirudi shimoni, akapanda kwenye kigoda, akapigilia msumari mmoja baada ya mwingine.

Vilipofika sitini na vinne, akaja Kanga. Hakukaa mlangoni. Alisimama, na kwapani alikuwa na vibao vyake sita.

"Shoga," Kalunguyeye alisema, "hivyo usiviuze."

"Vya wengine umenunua."

"Wengine hawakutaka kusikia. Wewe nilikwambia. Mizinga ni mizima, nimeihesabu."

"Ulihesabu na nani?"

"Peke yangu."

"Basi," Kanga alisema. "Tembo amekosea, Nyati amekosea, Punda Milia amekosea, wewe wa mwisho kwenye foleni ndiye uliyepata?"

"Siku niliyohesabu sikuwa kwenye foleni."

Kanga akatazama chini. Alisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini hizi za Kalunguyeye zimezidi kusimama. Alisema na yeye anachekwa kwa ajili yake, wanamuuliza kama wanalala chini ya asali. Alisema amehamia kule karibu na gulio, kwenye mti wanaolala wenzake, kwa sababu asubuhi ni rahisi kuwahi foleni. Na kama Kalunguyeye hanunui vile vibao, atavitia jikoni apikie uji, kwa hiyo aseme moja.

Kalunguyeye akaingia ndani, akapima vibaba vitatu. Vilikuwa vya mwisho katika vile hamsini. Kanga akamimina mtama kwenye kapu, akasema asante, akaenda. Kalunguyeye alibaki na vibao sita mikononi, na alijua kwamba amefanya biashara nzuri kuliko zote za maisha yake, na alitamani aifute.

Masika yakaja. Mvua ilinyesha siku arobaini. Paa lile, niwaambie ukweli, lilivuja. Vibao si vya kuezekea. Kila alasiri Kalunguyeye alikaa mlangoni akamenya mbegu za maboga, na kwa mazoea alizigawa mafungu mawili. Fungu la pili likaota ukungu.

Gulioni mambo yalizidi kuwa mabaya kwake. Hisa ya bwawa ilifika vibaba thelathini. Kibao cha asali hakikuwa na bei tena, kwa sababu hakukuwa na muuzaji wala mnunuzi. Ukikitaja watu wanacheka. Alianza kujiuliza. Je, alihesabu vizuri? Je, ule uvumo wa mizinga ulikuwa nyuki kweli, au ni sikio lake lilitaka kusikia? Wengi wape, wahenga walisema. Labda angewapa. Siku moja alikaribia kwenda gulioni kukaa nyuma ya Kanga kwenye foleni, si kununua kitu, kukaa tu, ausikie mgongo wa mtu karibu. Alifika nusu ya njia. Kisha akakumbuka hakuna hata mmoja kati yao aliyekwenda Migude, hata mmoja, na akarudi nyumbani akilia, miguu imelowa.

Kisha mvua ikakatika, na kiangazi kikaingia kikavu kama kisigino.

Vijito vilipokauka, Tembo akasema sasa ni wakati wa bwawa. Foleni ikapangika kwa adabu yake yote, mkubwa mbele, mdogo nyuma, ikaenda mpaka kwa Kiboko. Tembo akazamisha mkonga. Frrrp. Ukatoka na tope. Akazamisha tena. Likatoka jani.

Foleni ilikuwa ndefu, na walio nyuma hawakuona, kwa hiyo waliendelea kusukuma, na walio mbele waliangukia shimoni mmoja juu ya mwingine, pu, pu, pu, mpaka Kiboko akaamka akalalamika. Ndipo walipouliza mtama wao uko wapi. Mtama wao ulikuwa umeshageuka pombe, na pombe imeshaingia kwa Fisi na ndugu zake. Fisi alipigwa. Tuseme tu kwamba mpaka leo nyuma yake iko chini kuliko mbele, na anatembea kwa kuchechemea.

Siku ile ile walipokuwa wanarudi, vumbi mpaka masikioni, wakasikia harufu. Mstari wa wabebaji ulikuwa unashuka kutoka Migude, na mbele yao Nyegere, miguu yake yote miwili mizima, akiwakaripia. Vibuyu tisini na kimoja vya asali. Ishirini na saba akaviweka kando, ni vya vibao vyake thelathini. Vilivyobaki, sitini na vinne, vikatuliwa kwenye mlango mmoja tu, chini ya kichuguu.

Bonde zima likaja kusimama pale, Tembo mbele. Fisi alijikokota mpaka mlangoni.

"Ulituambia unaezeka!" alisema.

"Nimeezeka," Kalunguyeye alijibu. "Ingia utazame."

Fisi akaingiza kichwa. Vibao sabini vya nyuki vilikuwa vinamtazama kutoka juu, na misumari yake mwenyewe ndiyo iliyovishika.

"Ulijua tangu mwanzo."

"Nilijua, bwana. Njia ya Migude haina mlango wala mlinzi. Nilikwenda siku tatu nikarudi siku tatu, na sikumwona hata mmoja wenu."

Kisha Tembo akakohoa, akasema anataka vibao ishirini, na kwa kila kimoja atatoa vibaba ishirini. Wakubwa wana vihenge vikubwa vya mtama, hata wakipoteza hawamalizi. Kalunguyeye akamwambia kwamba kwa asali kinayotoa, kibao kile hakifiki ishirini. Kumi na viwili, labda kumi na vitatu mvua ikiwa nzuri. Alimwambia waziwazi, mbele ya watu. Lakini Nyati, nyuma, alikuwa ameshasikia neno ishirini na ameshasema ishirini na moja, na Punda Milia alisikia ishirini na moja. Ukimwambia mtu kweli mara mbili na bado anakulazimisha, chukua. Kalunguyeye akang'oa vibao thelathini na vitano akawauzia wakubwa kwa bei walizozitaja wenyewe, na hawakuuliza mizinga mingapi ilikuwa hai. Thelathini na vitano akabaki navyo. Vihenge vyake vikajaa, akalazimika kuchimba vingine.

Wadogo aliwauzia asali kwa bei ya siku zote, aliyekuwa na mtama kidogo akapewa kidogo, na aliyekuwa hana alifukua shimo la kihenge nusu siku akaondoka na chake. Foleni ikaenda ikipungua. Yeye alikuwa hatazami asali wala mtama. Alikuwa anatazama mwisho wa foleni.

Kanga alifika jua likielekea magharibi. Alikuwa amekonda, madoa yamekaribiana. Alisimama hatua tatu kutoka mlangoni alipokuwa akikaa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," alisema. "Naomba kuuziwa nusu kibuyu."

Wote waliomcheka, Fisi, watoto wa Ngiri na vidole vyao, hakuna aliyekuwa amemuumiza hivyo.

"Mimi na wewe tulianza lini kuamkiana shikamoo?" aliuliza.

Kalunguyeye akamletea kibuyu kizima, akaukataa mtama. Kanga akakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anayepokea kwa mgeni.

"Shoga," Kalunguyeye alisema upesi kabla hajageuka, "kesho naenda kutazama mashamba ya karanga ya Panya Buku. Gulioni wanasema yamekufa. Ni siku nne. Twende wote."

Kanga akaitazama njia ile. Ilikuwa ndefu, nyeupe kwa vumbi, na haikuwa na mtu. Kisha akatazama kule wenzake walikokuwa wakijipanga kurudi, kila mmoja nyuma ya mkia wake, wakiongea wote kwa pamoja.

"Nitakuja kukwambia asubuhi," alisema.

Asubuhi Kalunguyeye alifunga chakula cha watu wawili. Alikaa mlangoni mpaka umande ukakauka, mpaka jua likapanda juu ya miti ya mikambala. Kisha akatoa chakula cha mmoja akakirudisha ndani, akafunga mlango, akashika njia.

Hadithi yangu imefika ilipochoka, wanangu, nami nailaza hapa: bei hupigiwa kelele na wengi, lakini thamani huiendea mmoja kwa miguu yake.